Ulituambia Haiumi

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile tulipokulaza nyumbani Kimilili, karibu na migomba ya baba yako, na mvua ikaanza kunyesha kabla hatujamaliza kufukia. Watu walisema ni baraka. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikifikiria soksi. Tulikuvalisha soksi mbili kwenye mguu mmoja kuficha bandeji, na sikuwa na hakika kama nimezivuta vizuri.

Ninayeandika ni mimi, Nelima, kifungua mimba wako, yule uliyembandika jina la Spika kwa sababu ati bunge la nyumba hii ya Munyaka haliwezi kuketi kabla sijasema. Mdogo wangu Lenny alitaka tuweke gazetini picha yako, tarehe mbili na mstari wa Biblia, basi. Mama akasema, "Mwacheni huyo aandike. Ana kitu." Ni kweli nina kitu, na nimeshakisema mbele ya ukoo. Sasa nakisema mbele ya kila mtu anayesoma, asije mtu akasema hakusikia.

Kwa miaka thelathini na moja ulipima mahindi katika stoo ya nafaka hapa mjini. Lori likiingia, dereva alisimama kando kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Ulichukua bambo lako, kile chuma chenye ncha na tundu, ukadunga gunia juu, ukadunga katikati, ukadunga chini, na punje zikatiririka kwenye kiganja chako. Halafu ukachagua moja ukaiuma. Kro! Mashine ya kupima unyevu ilikuwa hapo mezani, lakini hakuna aliyeiamini kuliko meno yako. Ukisema yamekauka, yamekauka. Ukisema "rudisha, bado," hata mwenye shamba la ekari mia tatu aligeuza lori lake bila kubishana.

Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache. Chai ya siku za kazi ulikunywa bila sukari, na ya Jumapili ukaweka vijiko vitatu, "kwa sababu ya Bwana." Kila Jumapili jioni ulikaa kwenye ngazi ukang'arisha viatu vya nyumba nzima, na vya jirani pia kama aliviacha nje. Mama uliendelea kumwita Bibi Arusi hata siku ambazo alikuwa amekununia tangu asubuhi. Siku hizo ndizo ulimwita kwa sauti zaidi, naye akajificha jikoni kucheka.

Alama ya kwanza ilitokea kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Ilikuwa ndogo, nyekundu, yenye magamba. Tulisema ni vumbi la mahindi, kwani nani wa stoo ambaye hajikuni? Ulipaka mafuta ya mgando ukaendelea na kazi. Ilikaa hapo miaka miwili, kimya, haiendi wala hairudi. Kisha ikavimba, ikapasuka, ikawa kidonda, na ukingo wake ukageuka rangi ya zambarau.

Tulizunguka nawe, Baba. Tulipewa dawa za kumeza, za kupaka, za sindano, na kidonda kikazidi kupanuka. Mwishowe tukafika kwa daktari mmoja wa ngozi ambaye simtaji jina, kwa sababu leo sikuja kumshtaki yeye. Alikuwa mtu mpole. Alikata kipande kidogo pembeni mwa kidonda, akakituma maabara, na tuliporudi wiki mbili baadaye alituambia maabara haikuona saratani. Lakini alitaka kuuliza jambo moja kabla ya kuamua.

"Mzee, kidonda hiki kinauma?"

"Haiumi," ukasema.

"Hata kidogo?"

"Haiumi, Daktari."

Hapo mdomo wangu ukafunguka. "Daktari, usimsikilize huyu! Huyu ni Mbukusu. Alisimama kisu cha tohara mbele ya kijiji kizima bila kupepesa jicho. Hata ukimkata huo mguu kwa msumeno atakuambia haiumi. Inauma, tena sana. Si sisi ndio tunaishi naye?"

Daktari akacheka. Mama akacheka, Lenny akacheka. Wewe ulinitazama mara moja, kisha ukaangalia kofia yako uliyokuwa umeiweka magotini. Daktari akachukua kalamu akaandika, na mimi niliiona ile kalamu ikiandika.

Akatueleza. Kuna ugonjwa, alisema, ambao mwili unakasirika na kujishambulia wenyewe, unachimba vidonda kwenye ngozi, na alama yake kubwa ni maumivu makali. Ndio huu. Tena una tabia mbaya: ukiugusa kwa kisu, unakasirika zaidi, kidonda kinapanuka. "Kwa hivyo asikatwe tena," akasema. Akakupa vidonge vya steroidi. Mimi nikaibeba ile amri ya kutokatwa kama amri ya kumi na moja.

Wiki ya tatu kidonda kikakauka. Tuliimba kanisani, Mama akatoa shukrani, na watu wakaja kuutazama mguu wako. Siku kilipofunga kabisa, asubuhi ile ile, Mama alikuwa anaokota shati lako kitandani akaona doa mgongoni mwa shati. Tukakugeuza. Kilikuwa kipya, ukubwa ule ule, na ukingo wa zambarau.

Kuanzia hapo kilianza kuhama. Kikifunga mgongoni, kinafunguka pajani. Kikifunga pajani, kinafunguka ubavuni. Daktari akipunguza vidonge, vidonda vinarudi viwili; akiongeza, vinalala. Ulikuwa unasimama karibu na dirisha asubuhi, umevua shati, unajikagua polepole jinsi ulivyokagua magunia. Halafu unavaa, unakuja mezani, unasema neno moja: "Kimehama." Mama akazoea mpaka akawa anauliza akimimina chai, "Leo kimelala wapi?" kana kwamba anauliza habari za mgeni. Niliogopa kuliko ninavyoweza kueleza, na sikumwambia mtu.

Uso wako nao ukabadilika. Vile vidonge viliuvimbisha ukawa wa mviringo, na watu wakasema umenenepa, unapona. Jioni moja nilikuangalia ukila, nikaona mtu nisiyemjua, ana macho yako. Aliniomba chumvi. Nikampa.

Na mimi ndiye nilikuwa nakufunga vidonda, si ndiyo? Bandeji ikigandamana, niliivuta. Nyama ilikuja nayo. Wewe ulikuwa unasoma gazeti, ukalamba kidole, ukafungua ukurasa. Nikasema, "Ona mwanaume!" Nilikusifia kwa akina mama wa kanisa, nikasema baba yangu ni jiwe. Nesi mmoja wa mtaa wetu aliponiuliza kwa nini tusirudie kipimo, nilimjibu vibaya mpaka akaacha kupita mbele ya lango letu. Nilimwambia daktari alikataza kisu. Nesi huyo nimeshamwomba msamaha.

Majirani walipunguza kuja. Harufu, Baba, tusidanganyane. Lakini Omollo, mkuu wa wapakiaji pale stoo, alikuja kila Alhamisi, akakaa karibu nawe bila kugusa pua, akakuletea mahindi ya kuchemsha na maneno ya utani. "Wabukusu mkinyimwa ugali siku mbili mnaandika wosia," alikuambia, na ukacheka mpaka ukakohoa. Alhamisi moja alipotoka aliniita barazani. Hakuwa anatania tena.

"Nelima, mzee ameniambia kitu. Amesema hivi: Omollo, hii kitu haiumi, na hiyo ndiyo inanitisha. Kitu inakula mtu bila kumuumiza ni kitu gani? Amesema amewaambia, mnafikiri anajikaza."

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, watoto wanacheza mpira barabarani. Nilirudi ndani nikakupata umekaa kwenye kiti chako, unaangalia mkono wako. Jumatatu tukakupeleka hospitali kubwa.

Daktari Amondi alikuwa msichana mdogo tu, mwembamba, nikadhani ni mwanafunzi. Alikuuliza kama kinauma. Nilishika mdomo wangu kwa mkono, Baba, kweli niliushika. Ukasema, "Haiumi. Nimesema tangu mwanzo." Akachukua sindano nyembamba akadunga ukingo wa kidonda, hapa, na hapa, na hapa. Wewe ulikuwa unahesabu magari kwa dirisha. Akaweka sindano chini akafungua faili lako la zamani, akasoma, akasoma tena.

"Nani alisema inauma?"

"Mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Alisema anataka kukata vipande vitatu, vya ndani zaidi, sehemu tatu. Nikamwambia daktari wa kwanza alikataza kisu. Akanijibu polepole, "Alikataza kwa sababu ya kile alichoambiwa." Ukampa mguu, ukampa mgongo, ukampa ubavu. Ukaniambia nikutafutie chai yenye vijiko vitatu ingawa haikuwa Jumapili.

Siku ya tisa baada ya kukatwa, sumu ya vidonda iliingia kwenye damu, na mwili haukuwa na nguvu ya kupigana, vidonge vilikuwa vimeimaliza. Uliondoka adhuhuri, Mama ameshika mkono wako. Uliita "Bibi Arusi" mara moja. Aliitika.

Alhamisi baada ya mazishi, simu yako ililia ndani ya droo. Hatukuwa tumeizima. Niliitoa nikapokea. Sauti ya mwanamke, mpole, ikasema, "Naomba kuongea na Mzee Wesonga Mabonga."

"Hayuko," nikasema.

"Atarudi saa ngapi?"

Nisamehe, Baba. Nilisema, "Jioni."

"Sawa. Mwambie majibu yake yako tayari."

Mama alikuwa mlangoni. Alinitazama, akaenda jikoni. Jioni ile aliweka sahani nne mezani na sisi tulikuwa watatu. Hakuna aliyeondoa ya nne.

Nilienda kuchukua hayo majibu peke yangu. Daktari Amondi alinieleza kwamba ni limfoma ya ngozi, saratani ya chembe nyeupe za damu zinazohamia kwenye ngozi na kukaa humo miaka, zikifanana na magonjwa mengine. Steroidi huituliza kwa muda, ndiyo maana tuliimba. Nikamuuliza kama ungepona. Akasema huenda ungepata miaka kadhaa, hawezi kuapa. Nilitaka aniambie usingepona, Baba. Nilitaka sana. Nilitoka pale nikakunja ile karatasi nikaitia mkobani, na nyumbani nikawaambia Mama na Lenny kwamba maabara haikuona chochote, ni kidonda tu kilichokosa jina. Wakaniamini, kwa sababu mimi ndiye nasemaga.

Ndipo ilipoanza ile sauti. Alasiri, nyumba imetulia, Mama anachambua maharagwe, mimi nakunja nguo. Kutoka kwenye kiti chako: kro. Punje moja, meno, basi. Mama aliinua macho, akakiangalia kiti, akarudi kwenye maharagwe yake. Nilingoja aseme. Kesho yake ikaja tena, na kesho kutwa. Nilivuta kiti, nikainua mto, nikafagia. Hakukuwa na punje.

Mwezi wa sita Brenda, mke wa Lenny, alijifungua mvulana kule Yamumbi. Mtoto mzuri, kilo tatu na nusu. Siku ya tano akaanza kulia, na hakuacha. Alilia akinyonya, alilia akibebwa, alilia mpaka sauti ikawa kama ya mtu mzima aliyechoka. Kliniki walimpima wakasema mtoto ni mzima. Wiki nne. Brenda alikonda macho yakaingia ndani. Mama akasema hebu tufanye vile kwetu hufanywa: mtoto ambaye halii kwa njaa wala ugonjwa, analilia jina, na wafu huitwa mmoja mmoja mpaka anyamaze akisikia jina lake.

Dada yako, Senge Nanzala, akaja kutoka Kimilili. Tukakaa sebuleni kwa Lenny saa sita mchana. Senge akampakata mtoto akaanza. "Mabonga." Mtoto akalia. "Walubengo." Akalia. "Sitati." Akalia zaidi. Akawamaliza wazee wote ninaowajua na wengine nisiowajua. Brenda akasema kwa sauti ndogo, "Na Baba?"

"Huyo hapana," Senge akasema. "Kaka yangu nilimpenda. Lakini mtu aliyeliwa na kitu kisicho na jina hatumwiti. Ukimwita, kinakuja naye. Jina hilo tulilizika naye, limekwisha."

Lenny akainamisha kichwa. Mama akafunga macho. Na hapo nikaisikia ile kro, Baba. Kiti chako kilikuwa Munyaka, lakini niliisikia Yamumbi, karibu na sikio langu la kushoto, wazi kabisa. Mama naye alifungua macho akanitazama mimi.

Nikatoa karatasi mkobani. "Kina jina," nikasema. "Si laana, si jicho la mtu. Kinaitwa limfoma ya ngozi, imeandikwa hapa, na nimeijua tangu mwaka jana nikaificha. Baba alisema ukweli siku ya kwanza. Alisema haiumi. Daktari angemwamini, angekata tena, angetafuta zaidi. Mimi ndiye nilimjibia. Mimi ndiye nilisema mwongo huyo, anajikaza. Hajawahi kusema uongo hata kwa gunia moja la mahindi, na mimi nikamfanya mwongo kwa mwili wake mwenyewe."

Lenny alitoka nje. Brenda alikuwa analia. Mtoto akiendelea kupiga kelele, Mama akasema, "Hukuwa peke yako. Tulicheka sote."

Senge aliishika karatasi ingawa hajui kusoma vizuri. Akaipitisha kidole, mstari kwa mstari. Kisha akamwita mtoto: "Wesonga." Mtoto hakunyamaza. Akamwita mara ya pili. Akalia tu. Nikajua umekataa, na una haki.

Senge akainuka, akamweka mtoto mikononi mwangu. "Wewe ndiye ulimnyamazisha. Mwite wewe."

Sikuwa na sauti. Mimi, Spika. Nilijaribu mara tatu kabla jina halijatoka, na lilipotoka lilitoka kama la mtu anayeongea na ukuta. "Wesonga."

Akanyamaza. Si kwamba alilala, Baba. Alifungua macho akanitazama, na chumba kikawa kimya mpaka nikasikia bomba la jirani likidondosha maji. Watoto wa umri ule, wanasema, hawajui kukazia mtu macho. Huyu alinikazia. Sikujua ananisamehe au ananihoji, na mpaka leo sijui, lakini sikugeuza uso. Halafu akapiga mwayo, akalala saa saba mfululizo, na Brenda akalala naye sakafuni hapo hapo bila mto.

Wiki jana nilimsindikiza Brenda kliniki kwa chanjo. Nesi alimdunga mtoto pajani, mtoto akapiga yowe mpaka akakosa pumzi. Nesi akamtania, "Aah, wewe si ni Mbukusu? Wanaume wa kwenu hawalii." Akina mama wote kwenye benchi wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimchukua nikamweka begani nikasema, "Mwacheni aseme. Anajua mwenyewe."

Unakumbukwa na mke wako Edinah, ambaye hajakubali tuondoe sahani yako; na mimi Nelima; na mwanao Lenny na mkewe Brenda; na dada yako Nanzala; na rafiki yako Omollo na wenzako wote wa stoo; na mjukuu wako Wesonga, wa miezi mitatu.

Hutasahaulika kwetu siku zote za maisha yetu, Baba. Tunakuamini.